Kijana wa Turkana na Adamu

SWALI: Nafundisha Shule ya Jumapili. Watoto walipoona mifupa ya Kijana wa Turkana, binadamu wa kale sana, pale Makumbusho, mmoja aliuliza kama huyo aliishi kabla ya Adamu. Mwalimu mwenzangu anasema viumbe hao wote walikufa kwenye gharika, na kwamba vipimo vya kaboni ni kubahatisha tu. Nimjibuje mtoto?
Mwalimu, Kayole

JIBU: Mwalimu, kaboni haihusiki hapa. Kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ikifika miaka 50,000 hakuna cha maana kilichobaki cha kupima. Mifupa hiyo, aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, ina takriban miaka milioni 1.5, na kinachopimwa ni majivu ya volkano kwenye tabaka za eneo hilo. Chembe za majivu zina potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole mno kuwa gesi ya agoni. Joto la mlipuko hufukuza gesi iliyokuwamo, hesabu ikaanza upya. Makosa hutokea, naam: mto ukichanganya chembe kuukuu na mpya, umri huzidi, chembe ikichakaa gesi ikavuja, umri hupungua. Ndiyo maana siku hizi chembe hupimwa mojamoja.

Kuhusu gharika, wapeleke Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi (asubuhi, na maji ya kutosha). Udongo mweupe mtakaouona ni magamba ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliotuama chini ya ziwa. Kati ya tabaka hizo kuna majivu, na pia udongo ulioota mimea. Mimea hiyo ilihitaji nchi kavu, kisha ziwa likarudi, tena na tena. Gharika ya mwaka mmoja haipangi hivyo.

Mwanzo haitaji umri wa dunia. Mwaka 4004 KK, unaotajwa kuwa wa uumbaji, ni hesabu ya Askofu James Ussher, ya karne ya 17. Tena jua linawekwa siku ya nne, na tangu zama za Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, wapo Wakristo wasiozihesabu siku hizo kwa saa 24.

Fundo gumu ni kifo kabla ya dhambi ya Adamu, na usilifiche. Makumbusho hayohayo yana taya la Simbakubwa, mla nyama wa miaka milioni 22 hivi iliyopita, ilhali Mwanzo 1:30 inawapa wanyama majani. Warumi 5:12 inasaidia kiasi, kwa kuwa inasema mauti iliwafikia watu wote, bila kutaja wanyama. Hiyo 1:30 bado inawagawa wanatheolojia, na sioni aya inayomaliza ubishi.

Mtoto mwambie: huyo kijana aliishi zamani kuliko watu wa umbo letu, na Biblia haimtaji. Akiuliza kama alisali, mwambie mifupa haionyeshi hilo.