Jibu: Nyumba ya kisasa katikati ya miti, Muheza
Ndugu yangu, umeuliza namna ya kujenga nyumba ya kisasa katika kiwanja chako chenye miti, njiani kuelekea Amani, kule milima ya Usambara, bila kuitia dosari sura ya msitu. Kabla ya ramani kuchorwa, pima mahali ulipo kila mti mkubwa, kisha nyumba ipite baina yake, ikiwa imeinuliwa juu ya nguzo za zege ili mizizi isikatwe, maji ya mvua za Usambara yapite chini, na mchwa aonekane mapema anapopanda. Bati liwe la kijani kilichofifia, lisilong'aa. Lile jekundu, kwa maoni yangu, huharibu kila kitu. Kuta zipakwe rangi ya udongo wa hapo hapo, na mifereji ya paa isafishwe mara kwa mara, kwani majani huiziba.