Mgonjwa wa pampu ya moyo mwenye homa na kichwa kinachouma: kwa mnaoanza ICU

Wadogo zangu manesi na madaktari mnaoanza kazi ICU huku Marekani, wengi mnakuja LVAD (pampu inayosaidia moyo kusukuma damu) mmeisoma vizuri na kiharusi mmekisoma vizuri, ila vikikutana kwa mgonjwa mmoja mnababaika, na maambukizi yakiingia hapo ndo kabisa. Kwa hiyo leo naongelea aneurizimu za kichwani zenye maambukizi, yaani mishipa ya ubongo iliyovimba kama puto, kwa wagonjwa wa pampu, maana zinapitwa kirahisi na zikipasuka hazisubiri mtu.

Kwanza muelewe zinatoka wapi. Waya wa pampu unatokea tumboni, na pale unapotokea ngozi ina mlango muda wote, bakteria kama stafilokokasi au sudomonasi wanapita hapo hapo, wakiingia kwenye damu wanang'ang'ania kwenye pampu yenyewe na dawa mara nyingi inawatuliza tu haiwamalizi. Toka huko vipande vidogo vyenye bakteria vinasukumwa mpaka kichwani, vinakwama kwenye matawi madogo ya mbali, hasa ya mshipa wa kati wa ubongo, ukuta unaliwa na mshipa unaota tumbo kama tairi la baiskeli lililochoka. Ndo maana hazikai sana chini ya ubongo kwenye maungio ya mishipa mikubwa kama aneurizimu za kawaida, ziko juu juu pembeni, ndogo, ukuta dhaifu. Sasa mgonjwa huyo huyo yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) inatakiwa 2 mpaka 3, wengine wana aspirini juu yake, na pampu inavyozunguka kwa kasi inakata kata protini ya von Willebrand inayosaidia damu kuganda. Yaani kila kitu kwake kinaegemea upande wa kuvuja.

Kwa hiyo mgonjwa wa LVAD mwenye kalcha ya damu chanya (yaani damu yake imeotesha bakteria) akisema kichwa kimeanza kumuuma leo, au mkono umelegea hata dakika chache tu ukarudi, au ndugu zake wanakwambia anaongea vitu havieleweki, usimpe panadol ukaendelea na shifti. Piga simu. Anahitaji CT ya kichwa na hapo hapo CT ya mishipa, MRI sahau kwa sababu ya pampu. Ukiona damu kidogo imelala kwenye mikunjo ya juu ya ubongo na mgonjwa hajaanguka, fikiria aneurizimu hizi kabla ya kitu kingine chochote. Na CT ya mishipa ikirudi safi bado hujamaliza, kadude ka milimita 2 au 3 kule pembeni kanaweza kujificha, angiografia ya katheta, picha ya mishipa kwa mrija unaoingizwa ndani yake, ndo inaamua. Ukisikia CT safi basi arudi wodini na kalcha bado chanya, uliza, hata kama una wiki moja kazini.

Presha inawasumbua wengi, maana mgonjwa huyu mara nyingi hana pulsi ya kushika na mashine ya kawaida inaweza kukupa namba ya uongo au isikupe kabisa. Funga kafu, weka jeli kwenye kiwiko, tafuta na dopla mpaka usikie ile shuuu ya damu, pandisha kafu sauti ipotee, kisha shusha polepole, namba ambayo sauti inarudia ndo unaandika. Kwa kawaida tunataka wastani wa 70 mpaka 90, kichwa kikishavuja daktari atakupa kikomo chake na hapo omba laini ya ateri (mrija mdogo wa kupimia presha ndani ya mshipa), usibahatishe.

Damu ikishamwagika mabishano yanaanza, watu wa nyuro wanataka nguvu ya warfarini iondolewe sasa hivi, watu wa moyo wanaogopa pampu kuganda. Hofu zote mbili ni za kweli, ila mimi nasimama na kichwa, kuvuja kunaua ndani ya masaa na pampu mara nyingi inavumilia siku kadhaa bila dawa, hasa aina ya HeartMate 3 ambayo kuganda kwake ni nadra kuliko aina ya HeartMate II. Aspirini nayo, utafiti wa ARIES wa 2023 ulionyesha wagonjwa wa HeartMate 3 wanaweza kukaa bila hiyo na kuvuja damu kwao kukapungua, kwa hiyo usiogope kuuliza kama bado anaihitaji.

Isiyopasuka inaweza kupewa antibayotiki za mshipani wiki 4 mpaka 6 huku inapigwa picha tena na tena, kuna inayosinyaa, kuna inayokua katikati ya dawa, na mpya inaweza kutokea pengine. Iliyopasuka au inayokua inafuatwa kwa katheta, wanaziba aneurizimu pamoja na katawi kake kwa koili (waya laini wa kujaza), gundi au Onyx (kimiminika kinachogandia ndani ya mshipa). Stenti wanaikwepa, maana inadai dawa mbili za kuzuia chembe sahani na ni chuma kipya kwenye sehemu yenye bakteria. Kufungua fuvu kunabaki kwa damu nyingi inayokandamiza ubongo, au tawi ambalo likizibwa mtu anapoteza kuongea.

Ukimpeleka chumba cha angio nenda na betri za akiba na kontrola ya akiba (kifaa kinachoendesha pampu), mtu wa pampu awepo, na waya aushike mtu mmoja tu kabla mkono wa eksirei haujaanza kuzunguka maana unaweza kuuvuta. Nyongani, katheta inapoingilia, hakuna pulsi ya kufuata, andaeni altrasaundi mapema. Ulizeni pia kwa sauti kama maji ya kusafishia katheta yana heparini, maana nayo inazuia damu kuganda.

Wakiamua kurudisha dawa ya kuzuia damu kuganda, wengi wanaanza na heparini ya dripu bila dozi kubwa ya mwanzo, baada ya picha ya kuhakikisha. Usiku huo mpime macho, mikono na maneno kila saa, na kichwa kikianza kumuuma upya ita daktari hapo hapo, dripu ikaguliwe na arudi CT.