Kwa muuguzi wa Masasi anayetaka kutafiti msongo wa kazini

Mdogo wangu, umeuliza kama muuguzi aliyechoshwa na zamu za usiku anaweza kuwa mwanasaikolojia anayetafiti afya, msongo na uwiano wa kazi na familia, kisha akarudi kufanya kazi huku Kusini. Inawezekana, ingawa shahada yenyewe itakulazimu kusafiri, kwa mfano hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Uzoefu wako wa wodini ni mtaji mkubwa. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek wa Marekani alieleza kwamba kazi nzito huumiza zaidi pale mfanyakazi asipokuwa na sauti juu ya namna ya kuifanya, na hilo nililiona nikifanya utafiti katika ghala moja la korosho hapa Mtwara: karani wa mizani akipima hadi saa tatu usiku huku mwanawe amelala juu ya magunia matupu, kwa sababu malori yaliendelea kuingia na si yeye aliyepanga foleni. Dodoso langu halikuwa na swali hata moja kuhusu mtoto yule, nami nikaliandika upya.

Kwa hiyo jifunze takwimu vizuri, lakini ujifunze pia kuuliza kwa maneno ya karani huyo, ambaye msongo kwake ni "mawazo" tu, au kichwa kinachogonga. Kibali cha maadili ya utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kiombe mapema.

Sikufichi, ajira ni chache na nyingi ni za mikataba ya miradi. Usiache uuguzi, bali omba kwanza ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako.