Kabla ya kuacha kazi kwa ajili ya ziara

Umeuliza kama bendi yenu ya watu wanne iache ajira ili iishi kwa ziara, kwa kuwa mmeahidiwa maonyesho 12. Nakusihi msiache kazi bado. Ada iliyoandikwa kwenye mkataba si yenu yote: kwa kawaida wakala anayewatafutia maonyesho huchukua asilimia 10 na meneja kati ya 15 na 20, na mara nyingi makato hayo hukokotolewa kabla gharama hazijatolewa, hivyo meneja anaweza kulipwa kwa ziara iliyowarudisha ninyi nyumbani na deni. Bado kuna mafuta, malazi, bima na fundi sauti. Zinazoumiza zaidi ni siku zisizo na onyesho, kwani haziingizi chochote ilhali watu wanakula na kulala vilevile.

Bendi ya Pomplamoose ya Marekani ilitangaza hesabu za ziara yake ya mwaka 2014: maonyesho 24 ndani ya siku 28, mapato dola 135,983, matumizi dola 147,802.

Usiku mmoja nilikaa nyuma ya meza ya fulana, nikihesabu noti zilizolowa jasho, nikakuta mauzo yamezidi ada ya jukwaani. Kisha ukumbi ukadai fungu lake la mauzo hayo, nasi hatukuwa tumeuliza mapema. Ulizeni kabla ya kutia saini. Daini kiwango cha chini cha malipo kisichotegemea idadi ya tiketi zilizouzwa, na nusu yake ilipwe kabla gari halijawashwa.