Kesi ya kupangiwa: mwone mteja gerezani kwanza

Wakili uliyehamia Mtwara, haitapita muda Mahakama Kuu itakupangia mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo wa kulipa. Msaada huo upo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Malipo ni madogo, na afadhali ulijue hilo mapema, kwa sababu ukishaipokea kesi, mtu huyo anakabiliwa na kunyongwa na wewe ndiye tegemeo lake.

Nenda gereza la Lilungu kabla ya usikilizwaji wa awali. Wapo wanaokutana na mteja asubuhi ya kesi, koridoni, askari magereza akiwa hatua mbili tu. Pale hakuna mtu atakayekufungukia.

Usianze na tukio. Kwa macho yake, anayemshtaki analipwa na serikali, jaji vilevile, na wewe hujamdai hata shilingi. Kwa nini akuamini? Mwambie waziwazi kwamba atakayokueleza hayafiki kwa waendesha mashtaka. Pengine siku ya kwanza itaishia hapo. Rudi tena.

Ukirudi, chukua maelezo yake ya onyo, yaani yale aliyoandikwa polisi baada ya kuonywa, umsomee polepole, mstari kwa mstari. Yameandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka cha kituoni, ilhali mzee wa Newala au Tandahimba huenda hujieleza vizuri kwa Kimakonde tu. Muulize: nani alikuwa mkalimani? Ulisomewa kabla ya kuweka dole gumba? Ulikamatwa saa ngapi, ukaandikwa saa ngapi? Polisi wana saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Wakihitaji zaidi, upo utaratibu wa kuongezewa. Bila majibu hayo utakaa kimya maelezo yakipokelewa kuwa kielelezo, na pingamizi la baadaye halina uzito ule. Vivyo hivyo, kama siku ile alikuwa kwingine, mahakama na upande wa mashtaka wanatakiwa kupewa taarifa mapema.

Mashahidi wake nao hawatajileta. Msimu wa korosho wengi wanashinda mashambani, simu hazipatikani. Wasaidizi wa kisheria wa wilayani hawasimami mahakamani, lakini vijiji na wenyeviti wake wanavijua. Waombe, tena kwa heshima.

Akitaka kukiri kuua bila kukusudia, mfafanulie maana yake yote, kisha mwache aamue mwenyewe. Kumsukuma ili kesi iishe haraka ni dhuluma.

Akitiwa hatiani, usikusanye majalada ukaondoka. Shuka mahabusu kabla karandinga haijamchukua, umweleze kwamba ana siku 30 za kutoa notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, na kwamba anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza. Kisha fuatilia uhakikishe imeandikwa.