Jina na kina cha korongo lililo chini ya barafu ya Denman

Ndugu mwalimu, nimeelewa kwamba unawachorea wanafunzi ramani ya Antaktiki na kwamba umekwama kwa sababu kila ramani unayoifungua inautaja mto wa barafu wa Denman, lakini korongo kubwa lililo chini yake halitajwi.

Nami nilikwama hapo hapo nilipotayarisha ramani za darasani, na ninakushauri uandike "korongo la chini ya barafu ya Denman", kwa maana ni mto wa barafu, si korongo, uliopewa jina Denman na msafara wa mvumbuzi Douglas Mawson wa mwaka 1911 hadi 1914, kwa heshima ya Lord Denman, Gavana Mkuu wa Australia na mlezi wa msafara huo, wakati ambapo hakuna aliyejua kilichofichika chini.

Kuhusu kina, andika "takriban mita 3,500 chini ya usawa wa bahari", na usiliache neno takriban. Mawimbi ya rada yanayotumika kupima unene wa barafu yalishindwa kufika sakafuni mwa korongo, hivyo wanasayansi waliotangaza kina hicho Desemba 2019 walikokotoa kina kutokana na kasi ya barafu na kiasi kinachopita humo. Tena useme ni korongo lenye kina kikubwa kuliko yote ya nchi kavu; mifereji ya baharini ina kina zaidi.

Ikiwa ramani itachapishwa kitabuni, mwombe mchoraramani aliyesomea kazi hiyo aihakiki kwa orodha ya pamoja ya majina ya SCAR, yaani kamati ya kimataifa ya utafiti wa kisayansi wa Antaktiki, kwani nchi mbalimbali zina kamati zao za majina na mahali pamoja huweza kuwa na majina kadhaa.