Naingia uenyekiti Julai mosi, na zaidi ya nusu ya wanachama hawaji tena

Barua za mwezi huu nyingi zinafanana, maana ni msimu wa klabu za kujitolea kubadilisha uongozi. Rotary na Lions, zile klabu za kujitolea za dunia nzima, mwaka wao unaanza Julai 1, siku moja na mwaka wa fedha wa serikali yetu, na vikundi vidogo ninavyovijua hapa Mbeya navyo vinafuata kalenda hiyo hiyo. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwasababu naona wengi mko pale pale alipo huyu dada.

*Shikamoo mama. Mimi nina miaka 34, nauza vifaa vya shule pale Kabwe na niko kwenye klabu ya kujitolea huu mwaka wa nne. Mwezi wa tatu walinichagua mwenyekiti, naanza Julai mosi, na kusema kweli naogopa. Kwenye daftari tuko 31 ila kikao kilichopita tulikuwa 11, na kati ya hao watano ni viongozi. Anayeniachia ni mzee anayeheshimika sana hapa mjini, mwaka wake tulizindua vitu vinne, grupu la WhatsApp limejaa picha, sasa kila nikikutana na mtu ananiuliza haya na wewe unatuletea nini. Nimefikiria taulo za kike mashuleni, afu kupima macho wazee, afu kupanda miti, na chakula cha wagonjwa hospitali. Nianze na kipi ili watu warudi? – Mwenyekiti mteule, Uyole*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Hofu uliyonayo ni ya mtu anayejua amebebeshwa nini kwahiyo usiione aibu. Rotary yenyewe ilikubali rasmi wanawake mwaka 1989 tu, na mwanamke wa kwanza kuwa rais wake wa dunia nzima, Jennifer Jones wa Kanada, alishika kiti Julai 2022, miaka 117 tangu klabu ya kwanza ianzishwe. Kupokea kiti kutoka kwa mzee mwenye jina ni kazi, wote tunajua.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja na sikukiona. Vile vinne alivyozindua mzee, leo vikoje? Umeniambia picha zipo. Hujaniambia kama vinafanya kazi.

Ngoja nikuambie kilichonikuta. Kuna shule moja ya msingi huku milimani, sitaitaja, klabu yetu iliipa tenki la maji la lita 5000 mimi nikiwa makamu mwenyekiti. Siku ya kukabidhi tulikata utepe, watoto wakaimba, kibao chenye jina la klabu kikabandikwa ukutani, tukala wali na kuku tukarudi mjini tumefurahi kabisa. Baada ya miaka miwili nikapita njia ile kwa shughuli zangu, mvua inanyesha, nikasema ngoja niwasalimie. Koki ilikuwa imevunjika, wameziba kwa gunzi la hindi na kufunga kwa mpira wa baiskeli. Gata upande mmoja imeng'oka inaning'inia, maji yote ya bati yanamwagika chini na yameshaanza kuchimba msingi wa darasa, na hatua kama kumi kutoka pale nilipokuwa nimesimama watoto wanapita na ndoo kichwani wanatoka mtoni. Mwalimu wa zamu aliongea na mimi kwa adabu sana, akasema mama tulipiga simu sana, ila namba tuliyoachiwa ilikuwa ya mwenyekiti yule aliyemaliza, akatuambia tumtafute mpya, na mpya hatukumjua. Koki niliinunua Mwanjelwa kesho yake kwa hela ambayo haifiki hata ya chakula cha mchana cha watu wawili. Miaka miwili watoto wamebeba maji kwa ajili ya koki, na sisi katikati hapo tulikuwa tumeshazindua vitu vingine vitatu.

Kwahiyo jibu langu mwanangu ni kwamba Julai usianzishe kitu chochote. Mwezi mzima wa kwanza zungukia vile vinne, kimoja kila Jumamosi, uende na mzee mwenyewe akiwa mbele, ukimwambia baba nataka unioneshe ulichoacha ili nisikiharibu. Hapo utakuwa umemheshimu zaidi ya hotuba yoyote ya kumuaga, na atakuwa upande wako mwaka mzima. Mkifika msiulize mnaendeleaje, maana watajibu vizuri tunashukuru, ndo ustaarabu wetu. Fungueni koki. Ingieni chooni. Kama mlitoa vitabu, ombeni ufunguo wa stoo muone viko rafuni au bado viko kwenye maboksi. Na kabla ya kuondoka acheni namba mbili, moja iwe ya mtu ambaye si kiongozi na hatabadilika Julai ijayo.

Najua utasema mama, hiyo itawarudishaje wale 20? Ndiyo itakayowarudisha. Watu wengi hawaachi klabu kwasababu hawapendi kujitolea, wanaacha kwasababu wamekuja vikao sita wakasikiliza agenda, wakachangia hela, wakapiga picha, na mikono yao haikupewa kazi. Pitia daftari lako jina kwa jina, kila jina andika mbele yake anafanya kazi gani mjini. Kuna fundi bomba hapo? Mpigie simu, usimtumie meseji kwenye grupu, mpigie, mwambie Jumamosi tunaenda mahali fulani koki imekufa na mimi sijui kitu, njoo na spana zako. Mwalimu mstaafu mpe maboksi ya vitabu. Mwenye kirikuu muombe usafiri siku moja tu. Mtu aliyeitwa kwa ujuzi wake anakuja, na akija mara moja akaona maji yanatoka, ya pili hutampigia.

Ukitaka kuona kuendeleza kulivyo na nguvu angalia polio. Rotary walianza mpango wao wa kuitokomeza duniani mwaka 1985. Kila Julai rais wao wa dunia anabadilika, na kila aliyeingia akaikuta kazi ile akaipokea, hakuna aliyeiacha ili atafute ya kwake. Ndiyo maana Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza Afrika haina tena virusi vya asili vya polio. Na mnakumbuka Februari 2022 mgonjwa alipopatikana Malawi, kwa virusi vilivyotoka nje ya bara letu, mwezi uliofuata matone ya chanjo yakaanza mikoa yetu hii ya mpakani, Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, nyumba kwa nyumba. Ile haraka iliwezekana kwasababu kazi haikuwahi kulala. Ingekuwa kila kiongozi anakuja na la kwake, leo tungekuwa bado tunahesabu watoto waliopooza miguu.

Na hili la "unatuletea nini" lisikusumbue. Paul Harris ndiye aliyekuwa na wazo la Rotary, Chicago, Februari 23, 1905, wakiwa watu wanne tu, lakini mwenyekiti wa kwanza hakuwa yeye, alikuwa rafiki yake Silvester Schiele muuza makaa ya mawe. Harris alisubiri, akaja kuwa wa tatu. Jina lenyewe Rotary lilitokana na kuzunguka, maana vikao walifanyia ofisini kwa huyu leo, kwa yule wiki ijayo. Hilo liige kesho asubuhi. Kile kikao cha hotelini ambapo soda moja tu inamtoa mtu jasho, kitoe. Mwezi mmoja mkutane dukani kwako Kabwe, mwingine kwenye karakana ya fundi Iyunga, mwingine sebuleni kwa mama fulani Isanga. Mtajuana, na gharama inashuka, na yule aliyekuwa anaona aibu kuja kwasababu hana hela ya hoteli atakuja.

Sasa mawazo yako manne. Ni mazuri yote, ila chagua moja tu, mengine muandikie atakayekufuata, na huyo atakayekufuata awe ndani ya hilo moja tangu mwanzo. Kupanga tarehe tazama mbingu na mifuko ya watu wetu. Julai ni baridi na vumbi lakini njia zinapitika na mavuno yameshaingia, watu wana nafasi kidogo, ndo maana nakwambia uitumie kutembea. Agosti kuna Nanenane viwanja vya John Mwakangale, uko jirani kabisa, watu wanajaa wenyewe bila kuitwa. Novemba mvua zikishaanza usimtegemee mtu Jumamosi, yuko shambani anapanda mahindi. Januari usichangishe, wazazi wote hapo wana sare na madaftari.

Kama ni miti ndo utakayochagua basi anza kufikiria Agosti, si Machi. Siku ya Taifa ya kupanda miti ni Aprili 1 na nimeshiriki nyingi, ila huku kwetu mvua inakuwa imebakiza wiki chache, mche unapandwa leo na Juni umekauka na jua na baridi. Andaeni kitalu mapema, pandeni Desemba mwishoni au Januari udongo ukiwa umeshashiba maji. Na kwenye chemchemi jamani msipeleke mikaratusi, inakunywa maji yale yale mnayotaka kuyalinda. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, kwahiyo ongeeni na ofisi ya kijiji na ya bonde la maji kabla hamjapeleka jembe. Mche mmoja uwe na mtu wake anayeujua, ni bora mpande 50 mkazirudia mara nne kuliko 2000 ambazo hakuna atakayezitazama tena.

Niandikie Septemba uniambie mlikuta nini kwenye vile vinne.

*Kamwene mama. Mimi ni mhazini wa kikundi chetu cha kujitolea huku Kihesa, Iringa, ni mstaafu. Michango yote inaingia kwenye simu yangu na daftari lipo safi. Mwenyekiti mpya kijana anasema hela ihamie kwenye simu yake kwa vile yeye ndo kiongozi. Nimpe? – Mhazini*

Kamwene baba. Usimpe, na wewe pia usibaki nayo. Najua daftari lako ni safi na sikushuku hata kidogo, ila laini ile ina jina lako, siku ukilazwa au Mungu akikuita familia inakuta hela haijui ni ya nani na kikundi kinaanza kugombana na wafiwa msibani. Fungueni akaunti ya jina la kikundi, watia sahihi watatu, hela itoke kwa wawili.

Kabla ya Julai mosi kaeni watu wanne, ninyi wawili na wanachama wawili wasio viongozi, hesabuni, andikeni salio kwa tarakimu na kwa maneno, wote msaini, mkisomee kikao. Halafu tenganisheni mafungu mawili ambayo vikundi vingi vinachanganya: hela ya ada yenu wenyewe, ya chai na nauli na vocha, na hela waliyotoa wananchi kwa jambo fulani. Ya pili haiguswi hata kwa kukopa siku mbili. Mtu aliyetoa elfu tano kwa ajili ya kiti cha mwendo cha mtoto ametoa kwa mtoto yule. Na huyo kijana usimchukie, mwite pembeni umfundishe kusoma daftari, pengine hakuna aliyewahi kumfundisha.

*Mambo mama, shikamoo. Mimi ni bodaboda Tukuyu, miaka 24. Hawa wa klabu za kujitolea nawaona wana magari na mashati ya kufanana. Mtu asiye na hela anaweza kuingia? – Kijana wa Tukuyu*

Marahaba mwanangu. Anaweza, na anahitajika. Ziko klabu za vijana za Rotaract zinazopokea kuanzia miaka 18, na viko vikundi vya mtaani visivyo na shati wala ada kubwa. Uliza ada kabla hujaingia, kiongozi mzuri atakuambia bila kukunja uso.

Ila hata kabla ya klabu una kitu ambacho wenye magari wengi hawatoi. Kama umefikisha kilo 50 na afya yako nzuri unaweza kuchangia damu, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake miezi minne. Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi, shule zikifungwa chupa zinapungua, na ajali na akina mama wanaojifungua hawafungi. Nenda hospitali umeshakula, kunywa maji ya kutosha, na ukimaliza kaa upumzike, pikipiki usiirukie hapo hapo.

Na dada wa Uyole, kama umesoma mpaka hapa, barabara ya Tukuyu inaanzia hapo hapo kwako na utahitaji mtu wa kufika kwenye zile shule ambazo gari haliingii. Ukikubali niandikie, namba zenu nitawaunganisha.